Wifi Aliyebanduka

Dar es Salaam
4 Juni 2024

Wifi yangu Jenifa,

Habari za huko, na habari za tangu tuagane? Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inanitoa jasho. Mama anaendeleaje na lile goti? Mfikishie shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaanza utasahau. Alizeti mmemaliza kuvuna au ndege wamewatangulia?

Nimeona nikuandikie barua pepe. Ulisema simu ikiita hapo nyumbani kila mtu anasogeza kigoda, na kuandika ujumbe kwa kidole gumba kunakuchosha. Hapo steshenari una kibodi, una kiti, na una ule muda kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa picha za pasipoti. Tuandikiane basi, kama watu wa zamani.

Nina shida ya kazi, wifi. Nimetafuta wa kumwambia nikakuona wewe tu. Hapa ofisini kuna vijana hodari, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na mimi sakafuni kwenye kile chumba chetu cha Dodoma, laptop moja katikati kama sinia la wali, wewe ukiandika na mimi nikisoma kitabu kwa sauti. Unakumbuka tulivyokataa kukariri maneno yao? Kila kitu cha Java, ile lugha ya kuandikia programu, tulikipa jina la nyumbani. Ule mtambo unaokaa kati ya programu na kanzidata, lile ghala la taarifa, tuliuita msimamizi. Muda ambao msimamizi yuko kazini tuliuita kikao. Taarifa ikitolewa kwenye kanzidata inakuwa kitu mkononi mwako, na maadamu kikao kinaendelea, ukikibadilisha kwa lolote msimamizi anaona mwenyewe na kuandika. Kikao kikifungwa, kitu kimebanduka. Sura ile ile, jina lile lile, namba ile ile, ila sasa ukikibadilisha hakuna anayeandika. Neno kubanduka ulilileta wewe, tukiwa tunakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria, na mimi nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Sasa hapa tumetengeneza mfumo wa chama kimoja cha wafugaji. Kila ng'ombe ana hereni yenye namba, na mfumo unajua ni wa nani na analala boma gani. Karani anabadilisha jina la mwenye ng'ombe, anahifadhi, kioo kinaonyesha jina jipya, wote tunafurahi. Kesho yake asubuhi jina la zamani limerudi. Mfumo haulalamiki wala haukatai. Nashuku vitu vyetu vinabanduka mahali fulani, lakini kwa kukitazama kitu tu huwezi kujua. Hivi mtu ukikishika kitu mkononi, utajuaje kama bado kiko chini ya msimamizi?

Juzi nilipita mahali wanapokamua mafuta, nikasikia ile harufu ya mashudu ya alizeti, nikasimama pale kama mjinga. Nilisubiri Christopher atokee nyuma ya mashine akijifuta mikono kwenye suruali. Tumemzika Machi, najua, nilikuwepo. Lakini nikitaka mtu wa kunichekesha, mkono bado unatafuta namba ya kaka yangu kwenye simu. Nawe uliyekuwa mkewe sijui unawezaje. Nimekukumbuka, wifi.

Wifi yako,
Leah


Kintinku
12 Juni 2024

Leah wifi yangu,

Nashukuru kwa barua yako. Sisi huku tu wazima, na goti la mama lina siku ya kutembea na siku ya kukaa. Shikamoo yako nilimfikishia, akaitikia marahaba huku anatazama barabarani utadhani unakuja. Alizeti tumevuna, iko uani juu ya turubai. Ndege wamekula fungu lao na hawakuaga.

Umenichekesha. Mtu ana ofisi Dar, ana kiyoyozi, ana kahawa ya kunywa mpaka achoke, halafu anakuja kumuuliza mama fotokopi wa Kintinku. Haya, jibu unalo, umelisahau kwa sababu ya hicho kiyoyozi. Kitu hakina alama usoni, kwa hiyo usikikague chenyewe. Muulize msimamizi. Kuna swali moja analojibu kwa ndiyo au hapana: hiki unacho? Akisema ndiyo, kiko mikononi mwake. Akisema hapana, basi hana. Njia ya pili ni ya watu waoga. Unakibadilisha kitu kidogo, unakaa kimya, unatazama kama ataona bila kuambiwa.

Nilipoandika hayo kuna mteja alikuwa amesimama mbele yangu anataka barua ya kuomba kazi, nami nikabaki mikono juu ya kibodi mpaka akaniuliza kama umeme umekatika.

Wifi, mimi mwenyewe sijui kama bado nina msimamizi.

Unakumbuka nilivyoingia nyumba ile. Wiki ya kwanza tu mama alinituma maji, akanituma kuni, akanituma kwa jirani kurudisha ungo, halafu akanigombeza kwamba mlenda wangu umekuwa maji ya kunawia. "We Mnyiramba, nani alikufundisha kupika?" Christopher alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia, nikakutumia ujumbe kwamba mama yako hanitaki. Wewe ukanijibu nifute machozi, kwamba mama hana muda wa kumgombeza mgeni, nikishagombezwa nijue nimeingia.

Sasa hanigombezi. Tangu msiba hajanituma hata chumvi. Nikishika ndoo ananipokonya taratibu. Nikirudi kutoka dukani nakuta chakula changu kimefunikwa kando, na kipande kizuri cha nyama ni changu. Ananiuliza kama nimeshiba. Leah, mama yako lini aliwahi kumuuliza mtu wa nyumba ile kama ameshiba? Zamani alikuwa anauliza nani kamaliza mboga.

Baba mdogo Sostenes ametangaza kwamba mavuno yakiisha ukoo utakaa kikao cha kumaliza msiba, na baba yangu ameitwa kutoka Sekenke. Hakuna aliyeniambia anaitiwa nini. Mimi si mtoto, najua mzazi wa mjane haitwi aje kula pilau tu. Na sina mtoto wa kunishikiza hapa, hilo unalijua, nisilirefushe.

Mimi nataka kubaki. Nakuambia wewe kwanza, hata baba yangu hajui. Duka langu liko hapa, kaburi liko hapa, na mama yule nimemzoea kuliko ninavyoweza kukueleza. Mama aliyenizaa alifariki sijaanza shule, kwa hiyo ukiniambia neno mama, anayenijia ni Mama Marietha na ule mtandio wake wa kijani. Lakini sitabaki mahali ninapotunzwa kama vikombe vya wageni. Niulizie. Wewe ni wa ndani, hawatakuficha.

Wifi yako, nadhani,
Jenifa


Dar es Salaam
20 Juni 2024

Wifi mpenzi,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, mafua kidogo ila yameshaondoka. Natumaini duka linakwenda na umeme haukusumbui.

Wewe na hiyo "nadhani" yako, ningekuwa karibu ningekufinya. Nimefanya ulivyoniagiza. Kwanza nilimpigia baba mdogo, maana tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Alinizungusha sana na habari za mvua, mwishowe akasema habari ya Jenifa ni ya kwao, wazee wake wakija yatazungumzwa. Sikumwelewa vizuri, unajua anavyoongea huku anatafuna.

Kwa hiyo nikampigia mama mwenyewe, na hapo roho yangu ikatulia. Nimemuuliza tu, Jenifa anaendeleaje, mnaishije. Akaniambia tusikusumbue kwa lolote, amewakataza hata majirani wasikutume, kwa sababu umeshateseka vya kutosha. Akasema, "Namtunza vizuri, mtoto wa watu." Sauti yake ilikuwa imelainika, wifi, nusura nilie. Unaona sasa? Anakupenda. Acha kujitesa na mawazo.

Huku kwangu mambo ni mabaya zaidi. Tulifanya kama ulivyosema, tukaandika kipande cha kumuuliza msimamizi swali lile kila kitu kinapopita. Jibu ni hapana, hapana, hapana. Kila ng'ombe kabanduka. Hata wale tuliowatoa kwenye kanzidata dakika hiyo hiyo. Peniel, bosi wetu, anasema basi mfumo mzima umeoza, tubomoe tuanze upya, na macho yote yananitazama mimi kwa sababu msingi niliuandika mimi.

Nikichoka nafumba macho najipeleka siku ya harusi yenu. Lile gari la mizigo lililopambwa kwa kanga, Christopher na suti iliyombana kwapani, wewe umekataa kulia wakati wa kuagwa hadi shangazi zako wakakasirika. Kwangu nyumbani ni siku ile. Kila mtu yupo, mama anafukuza mbuzi asile keki.

Wifi yako bila nadhani,
Leah


Kintinku
28 Juni 2024

Leah,

Hujambo. Sisi wazima.

Asante kwa kuuliza. Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikiwa na wateja, mara ya pili nikafunga mlango wa duka.

Wewe umesikia sauti imelainika. Mimi nimesikia neno. Jirani akimnyima chakula msichana wake wa kazi, tunasema mhurumieni, mtoto wa watu. Mgeni akiteleza kwenye matope, tunasema mwinueni mtoto wa watu. Ni neno lenye huruma tele na maana yake ni kwamba si wetu, ana wenyewe, siku moja watamwulizia. Hivi mama yako amewahi kukuita wewe mtoto wa watu? Fikiri vizuri. Hata ulipovunja ule mtungi wa bibi, alikuita majina yote, hilo hakulitaja.

Basi na mimi nikaamua kutumia ile njia ya waoga. Nilichukua mchi na kinu vya mama, vile ambavyo hata Christopher alikuwa haruhusiwi kuvisogeza, nikavihamishia nyuma ya banda la kuku. Mama alivitafuta, akaviona, akavirudisha mwenyewe akichechemea na goti lake, akaniambia pole na jua. Siku nyingine nikamwaga chumvi kwenye mlenda hadi mimi mwenyewe ulinishinda. Akala. Akasema mboga tamu, akanywa maji. Nikalala mpaka jua likapanda juu, nikatoka nje nikijua leo lazima. Nikamkuta ameshafagia uwanja wote na kuniwekea maji ya kuoga.

Nilikaa bafuni nikalia, Leah. Nililia kuliko nilivyolia kaburini. Mtu anayekutaka angalau angeuliza, we mwanamke una wazimu gani?

Nimeanza kukunja nguo. Mashine ya fotokopi nitamwachia Rebeka wa hapa jirani aniendeshee mpaka nijue nafanya nini. Usiwapigie tena watu simu kwa ajili yangu. Nitaondoka na heshima zangu, nimshukuru mama, nipande gari na baba yangu. Christopher angekuwepo angejua la kusema, lakini angekuwepo haya yasingekuwepo.

Jenifa


Dar es Salaam
30 Juni 2024

Wifi,

Nakusalimu. Ni kweli, hajawahi kuniita hivyo. Nimesikia neno hilo maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia mpaka uliponiandikia. Tafadhali usikunje chochote. Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Leah


Dar es Salaam
16 Julai 2024

Wifi yangu Jenifa,

Sijui kama unasoma. Simu yako haipatikani, na ya mama anapokea mtoto wa jirani anayesema wako shamba kisha anakata. Naomba Mungu muwe wazima wote wawili. Mimi mwili mzima, moyo ndiyo sina hakika nao.

Nimekuja kukueleza kuhusu ng'ombe, vumilia, mwisho wake ni wewe.

Tulikuwa tumekaa na Peniel tayari kubomoa mfumo, nikaomba nitazame mara ya mwisho kile kipande cha kuuliza. Na nikaona ujinga wetu. Kila tulipotaka kumuuliza msimamizi kama ana kitu fulani, tulikuwa tunafungua kikao kipya, na kumuuliza msimamizi wa kikao hicho kipya. Yeye ndiyo kwanza ameingia kazini, hajawahi kuona kitu chochote, atasema nini zaidi ya hapana? Na hakudanganya, kweli hana. Aliye nacho amekaa chumba cha pili na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Tulipomuuliza msimamizi wa kikao chenyewe, kwa vingi akajibu ndiyo. Bado vipo vichache vinavyobanduka, hivyo nitavitafuta, lakini mfumo haukuoza.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikikuwaza. Wifi, mimi nilimuuliza nani? Nilimuuliza baba mdogo, ambaye hajawahi kula chakula chako mara mbili. Nikamuuliza mama kwenye simu, mimi na yeye, wewe ukiwa hupo. Hicho kilikuwa kikao kingine. Kwangu mimi angesema nini? Alinijibu vile mtu anavyomjibu mtoto aliye mbali, kumtuliza. Na wewe umehamisha kinu, umemwaga chumvi, umelala mpaka saa nne, lakini hujamuuliza.

Muulize, Jenifa. Mkiwa wawili, jikoni, kwa mdomo wako. Ajibu ndiyo au hapana, lakini akujibu wewe. Na fanya hivyo kabla ukoo haujakaa, maana kikao kile kikishafungwa hata mama hataweza kusema kitu.

Ninaogopa kama unavyoogopa. Ukiondoka Kintinku, sijui na mimi nitakuwa narudi wapi. Nimekuambia nyumbani ni siku ya harusi yenu, lakini kusema kweli kwa miaka hii nyumbani imekuwa ni wewe kunifungulia geti.

Wifi yako,
Leah


Kintinku
7 Agosti 2024

Leah wifi yangu,

Habari za siku zote hizo. Nisamehe kwa ukimya. Sisi ni wazima, goti la mama linatembea, na simu yangu iliingia maji, si kwamba niliizima nisikusikie. Barua zako nimezisoma kwa utulivu juzi nilipofungua duka. Ile ya Julai nilikuwa nimeisoma mapema, kwa simu ya Rebeka, nikaifunga bila kujibu kwa sababu sikutaka kukuahidi kitu nisichokiweza. Kaa vizuri nikusimulie.

Kikao kilipangwa Jumamosi. Ijumaa jioni baba yangu alifika kutoka Sekenke na shangazi yangu Esta. Baba Lazaro unamfahamu, mikono kama jembe kwa sababu ya kuchimba ule mwamba wao wa dhahabu, maneno machache. Alinisalimia, akatazama masanduku yangu mawili mlangoni. Mama aliwapokea kwa heshima zote, akawachinjia jogoo, na mimi akanikalisha na wageni. Nilikula na wageni, Leah, kwenye nyumba niliyoipiga lipu kwa mikono yangu.

Jumamosi asubuhi niliamka, nikamkuta mama peke yake jikoni anachochea moto wa uji. Nilikuwa nimekwenda kuaga. Maneno ya kuaga nilikuwa nimeyapanga vizuri, ya shukrani, ya kistaarabu. Nikafungua mdomo yakatoka mengine.

Nikasema, "Mama, mimi bado ni wa hapa?"

Hakugeuka. Aliendelea kukoroga, nami nikahesabu kwamba nimejibiwa. Nikawa nageuka niende. Ndipo akauweka mwiko chini, kwenye vumbi, yeye ambaye mwiko ukianguka hutukana.

Akasema, "Aliyenipa ruhusa ya kukutuma nimemzika. Ningekutuma kwa jina la nani?"

Akaendelea kwa sauti ya chini, kwamba kila asubuhi alikuwa anaamka na kutazama mlango wangu kama umefunguliwa, ajue kama nimeondoka. Kwamba alisema moyoni, nikimpa kazi atachoka, nikimgombeza nitakuwa nimempa sababu, acha nimbebe kama yai labda ataahirisha. Na kwamba neno la kubaki hawezi kulisema yeye, mimi bado kijana, akinishika atakuwa amenifunga. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Nami nilikuwa namsubiri yeye. Tumekaa miezi mitano kwenye nyumba moja tunaogopana kwa adabu.

Nikamwambia nataka kubaki. Akaokota mwiko, akaufuta kwa kanga yake, akaendelea na uji. Nilidhani kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

Kikao kikakaa mchana. Wanaume kwenye viti, sisi wanawake kwenye mikeka pembeni. Baba mdogo Sostenes alisema maneno mazuri, sitamlaumu. Alimshukuru baba yangu kwa kuwapa mtoto, akasema nimeishi vizuri, sikuwahi kumtia aibu mtu, na sasa Mungu amelivunja lile lililotuunganisha, basi ukoo unamrudisha mtoto wa watu kwa watu wake, kwa mikono safi. Wazee wakaitikia. Baba yangu akatikisa kichwa. Nilikuwa naona kikao kinafungwa mbele ya macho yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Mama akaanza kuinuka. Kwa goti lile ilimchukua muda, ikabidi wote wamtazame. Hakuwa ameombwa kuzungumza, na unamjua baba mdogo kwa utaratibu. Akasimama akiwa ameshika bega langu.

Akasema, "Ni mtoto wa watu, ndiyo. Na hao watu ni mimi."

Baba mdogo akakohoa, akaanza kueleza taratibu. Mama akamwambia shemeji, umesikia. Basi, akakaa. Baba yangu akaniuliza kwa Kinyiramba kama na mimi nasema hivyo, nami nikamjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba nabaki. Akasema hakuwa amekuja kunichukua kwa nguvu, alikuja kwa sababu aliitwa. Halafu akaomba chakula. Shangazi Esta alilia kidogo, nadhani kwa ajili ya nauli iliyopotea bure.

Sasa sikiliza mama yako. Wageni hawajamaliza hata kunawa, akaanza. Alinigombeza kwa kinu, akanigombeza kwa mchi, akasema mlenda ule wa chumvi ulimfanya anywe ndoo nzima usiku kucha, akaniuliza kama Iramba watu wanalala mpaka jua linawachoma matako. Kila kitu alikuwa amekiona, Leah. Alikuwa hajakiandika tu. Nilisimama pale na masufuria mikononi nikicheka na kulia mbele ya baba yangu, na yeye akageuka upande wa pili kama mwanaume mwenye busara.

Kuhusu ng'ombe wako wachache waliobaki, nimefikiria. Kitu kilichobanduka unaweza kukirudisha kwa msimamizi, lakini unachokabidhiwa si kile ulichopeleka. Ni kingine, chenye jina na namba ile ile, na hicho ndicho kiko chini yake. Kile cha zamani kinabaki kimebanduka hivyo hivyo. Nenda katazame kama baada ya kurudisha hamjaendelea kukibadilisha kile cha zamani. Nina hakika mnafanya hivyo, kila mtu hufanya. Mimi pia nilikuwa naipigania nafasi yangu ya zamani, ya mke wa Christopher, na hiyo haipo, tumeizika. Mama hakunirudishia hiyo. Jumapili kanisani alinitambulisha kwa mchungaji mpya kama binti yake, yule akauliza wa ngapi, mama akamwambia asimchoshe.

Jambo la mwisho nitakuambia, kisha nifunge duka.

Tangu Machi, mimi na mama hatukuwahi kulitaja jina la Christopher tukiwa wawili. Kila mmoja alidhani atamuumiza mwenzake. Jana tulikuwa tunapeta alizeti, upepo mzuri, nikajisemea tu kwamba Christopher angeusema huu ungo ulivyotoboka. Neno likanitoka hivyo. Mama akasimamisha mikono. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Akasema, "Hebu niambie, asubuhi ile ya mwisho aliamkaje?"

Nikamwambia. Kwamba aliamka anadai chai iwe na tangawizi nyingi, kwamba aliimba vibaya, kwamba alinitania nywele zangu. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu yeye akanipa Christopher wa kwake, alivyokuwa akiogopa jogoo, alivyokwenda shule na kiatu kimoja kwa kiburi baada ya kugombana na wewe. Tukaendelea hivyo mpaka kuku wakala alizeti nusu na hakuna aliyewafukuza. Leo asubuhi ameanza tena kabla hatujanawa uso, akafika mahali akasita, akasema hapo hakumbuki, wa kumuuliza ni Leah.

Njoo, wifi. Omba likizo, panda gari, njoo. Kuna miaka ya Christopher ambayo mimi sikuwepo na mama imemtoka, na mtu pekee aliyebaki nayo ni wewe.

Wifi yako,
Jenifa